Uzi unajisokota chini ya kitambaa: kosa litafute juu, skrubu ya bobini iache kwanza

#1 Mleta uzi

Wadau, habari zenu.

Kila mara anatokea mtu na picha ya kitambaa kilichogeuzwa. Upande wa juu mshono umenyooka, upande wa chini uzi umerundikana kama kiota cha ndege. Na kila mara jibu la kwanza analopewa ni hilohilo: kaza bobini. Mwingine anamwambia alegeze. Wa tatu anamwambia anunue bobini mpya. Mwisho wa siku skrubu imezungushwa hadi haijulikani ilikuwa wapi, na cherehani nzima inawekwa stoo kwa kosa ambalo lingeisha kwa kutunga uzi upya. Inaniuma, maana mashine nyingi zinazoitwa mbovu hazina ubovu wowote.

Naomba tuelewane kwanza mshono unavyotengenezwa. Ukilijua hili hutahitaji kubahatisha.

Cherehani ya nyumbani inashona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu unaopita kwenye sindano, mwingine wa chini ulio kwenye bobini (ile rili ndogo inayokaa chini ya sindano). Elias Howe alipewa hataza ya cherehani ya mshono huu kule Marekani mwaka 1846, na kanuni yenyewe haijabadilika. Sindano inashuka na uzi hadi chini kabisa. Inapoanza kupanda tu, uzi unabaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi ubavuni mwa sindano. Pale pale inapita ncha ya kile kichuma kinachozunguka bobini (hapa nitakiita ndoana), inadaka kitanzi, inakipanua na kukipitisha kuizunguka bobini nzima. Halafu ule mkono wa juu, unaopanda na kushuka mbele ya mashine, unakivuta kitanzi chote kirudi juu hadi nyuzi zifungane katikati ya unene wa kitambaa. Kila mshono mmoja ni safari hiyo nzima.

Sasa chukulia uzi wa juu haujabanwa popote. Mkono ukipanda, hauvuti kitanzi kilichoko chini, unavuta uzi mpya kutoka kwenye rili, kwa sababu huko ndiko kwepesi. Kitanzi kinabaki kule chini. Mshono wa pili nao unaacha cha kwake, wa tatu vivyo hivyo. Ndani ya sekunde chache kuna rundo.

Kwa hiyo ule uchafu unaouona chini ni uzi wa juu. Kama huamini, weka uzi mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, ushone kipande cha pamba kilichokunjwa mara mbili, kisha ukigeuze. Rundo litakuwa jekundu.

Ni nini kinachoufanya uzi wa juu usibanwe? Mara nyingi sana ni kutunga uzi mguu wa cherehani (kile kichuma kinachokandamiza kitambaa) ukiwa umeshushwa. Uzi wa juu unabanwa na visahani viwili vidogo vya tensheni, yaani mkazo wa uzi. Kwenye cherehani za zamani unaviona kwa nje. Kwenye za kisasa vimefichwa ndani, kwenye ule mfereji ambako uzi unashuka na kupanda. Mguu ukiinuliwa, visahani vinaachana. Mguu ukishushwa, vinabanana. Ukitunga mguu ukiwa chini, uzi unapita juu ya visahani vilivyokwisha kufunga, hauingii kati yake. Kwa macho unaona umefuata njia yote sawasawa, lakini hakuna kilichoushika.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Inua mguu, tunga uzi upya kuanzia kwenye rili hadi kwenye sindano, na unapoupitisha shika uzi kwa mikono miwili, mmoja ukiukaza kidogo upande wa rili ili uzame vizuri. Kabla ya kuuingiza kwenye tundu la sindano, vuta mguu ukiwa juu: uzi uje mwepesi. Shusha mguu, vuta tena: sasa ugome, uusikie kabisa vidoleni. Ukivuta ukiwa tayari ndani ya sindano, sindano yenyewe itapinda kidogo. Kama mguu ukiwa chini uzi bado unateleza kama hakuna kitu, usianze kushona. Hapo umeshalipata kosa.

Kosa linalofuata ni kuuruka ule mkono unaopanda na kushuka. Tundu lake lina mwanya, na mkono ukiwa umezama ndani ya mashine wakati unatunga, uzi unapita pembeni bila wewe kujua. Bila mkono huo hakuna kinachorudisha kitanzi, mashine inakwama baada ya mishono michache tu. Kabla ya kutunga, zungusha gurudumu la pembeni hadi mkono ufike juu kabisa uuone.

Na kuna lile la kusahau kushusha mguu. Hutokea zaidi kwenye kitambaa kinene, kwa sababu unene wenyewe unakishikilia kitambaa chini ya mguu na unadhani umeshusha. Visahani viko wazi, matokeo ni yaleyale.

Jaribuni haya kwanza, halafu leteni majibu hapa.

#2 Mchangiaji

Ahsante sana mkuu kwa elimu. Mimi nimetunga upya mguu ukiwa juu, nimejaribu kuvuta, unagoma kama ulivyosema. Lakini bado pale mwanzo wa mshono uzi unajisokota, sentimita moja hivi, halafu mbele unakuwa safi. Tatizo nini?

#3 Mleta uzi

Hilo si tensheni, dada yangu. Hizo ni ncha za uzi pale unapoanzia.

Mshono wa kwanza hauna kitu cha kushikamana nacho. Ncha za uzi zikiwa fupi au zimeachwa huru, ndoana inazivuta chini na kuzikunja pamoja na kitanzi cha kwanza. Acha ncha zote mbili, ya juu na ya bobini, ziwe na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Zipitishe chini ya mguu uzielekeze nyuma. Shusha sindano ndani ya kitambaa kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono, kisha shusha mguu, halafu zishike ncha kwa vidole bila kuzivuta kwa nguvu, hadi mishono mitatu minne ipite. Baada ya hapo ziachie.

Usianzie pia kwenye ukingo wenyewe wa kitambaa, hasa kikiwa chepesi. Meno ya chini hayana pa kushika na sindano inakisukuma kitambaa ndani ya tundu la bamba (kile kichuma bapa kilicho chini ya sindano). Anza ndani kidogo, rudi nyuma kwa kufunga mshono, ndipo uende mbele. Wanaoshona shifoni na vitambaa vya namna hiyo huanza kwenye kipande cha ziada, wanashona wakitoka humo kuingia kwenye kitambaa chenyewe bila kukata uzi. Wakimaliza wanakikata kile kipande. Ni njia nzuri mno.

#4 Mchangiaji

Yangu imeshakwama tayari. Kitambaa kimenaswa chini, gurudumu haliendi mbele wala nyuma, na sindano imo ndani ya nguo. Nguo yenyewe ni ya mtu. Nikivuta kwa nguvu itaachia?

#5 Mleta uzi

Usivute. Tafadhali. Ukivuta nguo utaichana, utapinda sindano, na sindano iliyopinda inakwenda kugonga ndoana. Hapo tatizo la uzi linageuka kuwa tatizo la vyuma.

Zima mashine na uchomoe waya wa umeme kabisa, maana mguu wako ukigusa pedeli vidole vikiwa huko chini, sindano haitakuonea huruma.

Inua mguu wa cherehani. Kata uzi wa juu karibu na sindano. Sasa shika gurudumu, ulitikise taratibu mbele na nyuma, milimita chache tu, bila kulazimisha. Mara nyingi linaachia kidogo kidogo hadi sindano inapanda. Ikigoma, legeza skrubu inayoshika sindano uiache sindano kwenye kitambaa, utaitoa baadaye.

Kisha toa bobini, au kikasha chake kama mashine yako bobini inaingilia mbele. Kama nacho kimekwama kiache kwanza. Nyanyua kitambaa kwa upole hadi upate mwanya kati yake na bamba, ingiza mkasi mdogo wenye ncha, ukate nyuzi moja moja ukiwa umeulaza mkasi juu ya bamba. Kumbuka unakata rundo, hukati nguo, kwa hiyo mkasi uelekee chini. Nguo ikishatoka, geuza, toa mabaki kwa kifumulio.

Usiishie hapo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Nguo imetoka, wanafurahi, wanatunga uzi, mashine inakwama tena. Fungua bamba la sindano. Kwenye mashine za bobini ya mbele, kuna vishikio viwili pembeni mwa pete inayoizuia ndoana. Visukume nje, pete itatoka, na ndoana itatoka. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote, ujue kila kitu kilikaa upande gani. Sasa tazama kwa mwanga mzuri nyuma ya ndoana na kwenye mfereji inamozungukia. Utakuta kipande cha uzi kifupi kama kope, kimejibana kwenye kona, kimeshakuwa cheusi kwa mafuta. Hicho kidogo tu kinatosha kuifanya ndoana izunguke kwa kusuasua na kuutafuna uzi wa juu. Kitoe kwa kibanio cha nyusi.

Vumbi la kitambaa lifagie kwa brashi ndogo. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu, na vumbi unalisukuma ndani zaidi. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mfereji wa ndoana linatosha, lakini soma kijitabu cha mashine yako kwanza, kwa sababu nyingi za kisasa za bobini ya kudumbukiza kwa juu hazitakiwi kutiwa mafuta pale. Mafuta ya kupikia hapana kabisa, yanaganda na kushika vumbi.

Weka sindano mpya. Ile ya zamani hata kama machoni imenyooka, usiiamini tena.

#6 Mchangiaji

Mimi ni fundi wa miaka mingi. Naheshimu maelezo, lakini kusema tatizo si bobini si sahihi moja kwa moja. Nimekutana na bobini nyingi zilizowekwa kinyume na zikaharibu kazi.

#7 Mleta uzi

Fundi wangu, uko sawa, na nashukuru umelileta. Ninachopinga ni kuanza na skrubu ya bobini. Bobini yenyewe ina mambo yake, ngoja niyaseme.

Uzi wa chini ukiwa ndio umelegea, dalili yake inakuja juu. Utauona uzi wa bobini umepanda na kujitokeza vitanzi vidogo upande wa juu wa kitambaa. Kwa hiyo vitanzi chini, tafuta juu. Vitanzi juu, tafuta chini. Ila uzi wa bobini unaweza pia kujitokeza juu kwa sababu tensheni ya juu imekazwa mno, basi kwanza rudisha namba ya tensheni kwenye 4. Kwenye mashine nyingi zenye namba 0 hadi 9 kazi ya kawaida inafanyika kati ya 3 na 5.

Uelekeo wa bobini: kwenye mashine nyingi za kudumbukiza kwa juu, ukivuta uzi bobini inazunguka kinyume cha mshale wa saa. Kwenye nyingi za kikasha cha mbele, ukikishika kikasha bobini ikikutazama na kuvuta uzi, inazunguka kufuata mshale wa saa. Picha iliyo kwenye kijitabu ndiyo yenye neno la mwisho. Uzi lazima uingie kwenye ufa na kupita chini ya kile kichuma chembamba cha kikasha. Usipopita chini yake haujabanwa.

Kuna jaribio ambalo fundi unalijua vizuri, la kukining'iniza kikasha. Shika uzi, kiachie kikasha kining'inie na bobini ndani. Kikianguka moja kwa moja, kimelegea. Ukitikisa mkono kidogo kikashuka sentimita chache na kusimama, kiko sawa. Ukitikisa na hakisogei, kimekaza. Hapo tu ndipo skrubu inaguswa, tena weka alama kwa kalamu mahali ilipo, na uisogeze kidogo sana, chini ya robo mzunguko, kisha ujaribu tena.

Jingine ni namna uzi ulivyosokotwa kwenye bobini. Ukibonyeza kwa kidole na uzi ukabonyea, umejazwa umelegea. Huenda haukupitishwa kwenye kile kisahani kidogo cha juu wakati wa kujaza. Utoe wote ujaze upya. Usijaze rangi mpya juu ya mabaki ya zamani, na ile ncha ya kuanzia inayochomoza kwenye tundu la bobini ikate hadi usawa wa ukingo, maana ndoana huidaka.

Na bobini zenyewe hazifanani. Zinaweza kuwa na upana uleule lakini zikatofautiana kimo kwa milimita moja au mbili, na kwa mkono huwezi kuhisi. Inaingia, inazunguka, lakini inasugua. Nunua za aina iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mashine yako.

#8 Mchangiaji

Na sindano? Kuna mtu kaniambia sindano za mashine ya kiwandani ni imara zaidi nitumie hizo.

#9 Mleta uzi

Usitumie. Pakiti ya cherehani nyingi za nyumbani imeandikwa HA×1 au 130/705 H, na kisigino cha sindano kina upande mmoja bapa. Za kiwandani za DB×1 zina kisigino cha mviringo na chembamba zaidi. Zikiingia kwenye mashine yako hazikai mahali pake, na ndoana inakikosa kitanzi.

Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na upande wa pili juu ya tundu ina mbonyeo mfupi. Mfereji mrefu uelekee unakotokea uzi, mbonyeo uelekee ndoana. Isukume juu hadi ikome, ndipo ukaze. Sindano iliyoshuka hata kidogo inaharibu hesabu yote niliyoeleza pale mwanzo.

Ukubwa ni kipenyo chake kwa sehemu za mia za milimita: 90/14 ni milimita 0.9. Shifoni 60 au 70, pamba ya kawaida 80, jinzi 100. Vitambaa vya kunyumbuka vinataka sindano ya ncha butu, maana ile ya kawaida inatoboa uzi wa kitambaa na kuruka mishono. Badilisha baada ya saa kama nane za kushona, au mapema zaidi ukisikia inagonga kitambaa kwa sauti ya "tap".

#10 Mchangiaji

Mimi natumia ya kukanyaga, ile ya zamani. Kila nikianza tu uzi unakatika au unajisokota.

#11 Mleta uzi

Angalia gurudumu linaanza kuelekea wapi. Ukikanyaga bila kulipa mwelekeo linaweza kuanza kurudi nyuma, na mashine hizo zikienda kinyume uzi unasokotana papo hapo. Livute kwa mkono kuja kwako kwanza, ndipo miguu ifuate. Jizoeze bila uzi na bila kitambaa, mguu wa cherehani ukiwa juu, hadi miguu izoee.

#12 Mchangiaji

Mkuu nimefanya yote. Sindano mpya, uzi mpya, nimesafisha, bobini nimehakikisha. Nikivuta uzi mguu ukiwa juu au chini ni uleule mwepesi, haugomi kabisa. Na chini bado rundo.

#13 Mleta uzi

Vizuri sana, umepima, na hicho kipimo kinatuonyesha pa kwenda. Visahani vyako vya tensheni havifungi. Ama kuna vumbi au kipande cha uzi katikati kinachovizuia, ama uzi hauvifikii.

Inua mguu, weka tensheni kwenye 0. Chukua kipande cha kitambaa cha pamba chembamba, kikunje kiwe na ukingo, kipitishe kati ya visahani, ukivute juu na chini mara kadhaa. Kikitoka na uchafu, endelea hadi kitoke kisafi. Rudisha namba kwenye 4, tunga upya, shusha mguu, vuta.

Ukigoma, umemaliza. Ukiendelea kuteleza, basi springi ya tensheni imechoka au kile kipini kinachovifungua visahani kimekwama ndani, na hapo mpelekee fundi. Mwambie maneno hayohayo, kwamba mguu ukiwa chini visahani havibani. Akianza kwa kufungua skrubu ya bobini, mzuie.

#14 Mchangiaji

Na yangu inaruka mishono hata na sindano mpya, na nasikia chuma kinagusa chuma.

#15 Mleta uzi

Acha kushona sasa hivi. Zungusha gurudumu kwa mkono bamba likiwa limefunguliwa, utazame sindano na ndoana zinavyokutana. Sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, ikishapanda kama milimita 2 hadi 2.5, ncha ya ndoana inatakiwa iwe inapita nyuma yake, juu kidogo ya tundu. Ikipita mapema, ikichelewa, au ikiigusa sindano, mpangilio wa kukutana kwa sindano na ndoana umehama. Mara nyingi huhama baada ya kukwama na mtu kulazimisha, au sindano kuvunjika kwenye kitambaa kinene. Kuurekebisha kunahitaji kulegeza ndoana kwenye mhimili wake, na si kazi ya kujifunzia kwenye mashine unayoitegemea. Mpelekee fundi, na ile sindano iliyogonga iweke kwenye bahasha umpe aone imeguswa upande gani.